Kiboksi Kiliamka, Mwalimu Akanyamaza

Haya, chekeni mtakavyocheka, maana mwenyewe nimeshakubali kwamba pale Ruhuwiko kuna nyumba moja ambayo nikiwa na safari ya upande ule huwa naizunguka kwa nyuma, napita katikati ya mahindi ya watu, mtu mzima na begi langu la ufundi mgongoni, ili mradi nisionekane. Aibu hiyo niliipata mchana kweupe, mbele ya padre, kwaya nzima na majirani, ubwabwa ukiwa umeshaiva, na wala sikusingiziwa na mtu. Niliitafuta kwa vidole vyangu kumi (kusema kweli viwili, ndivyo ninavyochapia).

Mimi ni fundi wa kompyuta, kibanda changu kiko Msamala, hapa Songea, na ni Mbena. Ubena wangu nautaja mapema kwa sababu ndio ulionimaliza. Sisi na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, wao wanatuita mateka wao, sisi tunawaambia walifika kwetu na njaa tukawapa ugali wakapata nguvu za kutupiga (historia haisemi hivyo, lakini utani haujawahi kuisubiri historia), na kwenye msiba wa Mngoni nina ruhusa ya kufanya mambo ambayo mwingine angeyafanya angetoka na manundu. Alipofariki Mwalimu Gaudensi, yule mwalimu wa kwaya aliyefundisha nusu ya wanaojua kuimba hapa mjini, nilijilaza njiani jeneza lisipite mpaka nikapewa kuku, kisha nikavaa koti la marehemu nikapunga mikono kama alivyokuwa akiongoza kwaya, nikatangaza kwamba kabla ya kukata roho aliniita pembeni akaniachia nyumba, shamba la mahindi na mke. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mjane wake, Mama Winfrida, alinivurumishia kandambili, halafu akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mumewe alazwe hospitali kwa ugonjwa wa kifua. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na nasema bila kujisifu kwamba naiweza (hapo najisifu).

Mwaka ulipokaribia kutimia, Mama Winfrida akaja kibandani siku ya Alhamisi asubuhi, kabeba kitu kilichofungwa kwenye kanga kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

"Mtani, mateka wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka salama mama, ila njaa. Wangoni mmemaliza ugali wote."

"Acha uchokozi, leo nina kazi na wewe. Misa ya kumbukumbu ni Jumamosi. Sasa Mwalimu yumo humu."

Akafungua ile kanga. Ndani kulikuwa na kiboksi cheusi, kinono kuliko tofali la kuchoma, kimejaa vumbi la juu ya kabati. Nilikijua kabla hajamaliza kukifungua. Ni vile viboksi vya zamani vya kutunzia mafaili, ndani kuna diski mbili, unakichomeka kwenye rauta na kila kompyuta ya nyumbani inachota humo inachotaka. Kiliachwa na padre mmoja mgeni aliyekuwa akirekodi mazoezi ya kwaya miaka ile, ambaye alirudi kwao, na huko kwao akafa. Mwalimu mwenyewe alikuwa na simu ya tochi na hakuipenda. Kwenye video za simu za wanakwaya anaonekana mgongo tu, anapunga mikono, wanaosikika ni wengine. Sauti yake Mwalimu, akifundisha, akigomba, akiimba mwenyewe kuwaonyesha, ilikuwa mahali pamoja duniani, nayo ilikuwa imekaa mezani kwangu.

"Unamjua mama yake, Bibi Kandida," akasema. "Haoni. Yuko kwa binti yake kule Nakapanya. Tulipozika alikuwa amelazwa, hakumzika mwanawe. Nimemwuliza siku ya shughuli anataka nini, akasema picha mnionyeshe za nini, mimi nataka nimsikie. Basi."

Nikamwambia mama nenda kapike, hii ni kazi ya kunywea chai. Na kweli ilikuwa kazi ya kunywea chai, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilikipa umeme, kikakoroma, kikawaka taa, na baada ya muda mafaili yakaonekana kwenye laptopu yangu, majina yamepangwa vizuri, mazoezi ya Pasaka, mazoezi ya Noeli, mazoezi ya kawaida. Nikafungua moja kujaribu. Kwanza mtu akakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili. Halafu Mwalimu Gaudensi akasema palepale mezani kwangu, "Sauti ya pili, mnanivuta. Tena, kuanzia mwanzo." Vinyweleo vilinisimama. Nikazima, kwa sababu nilishahakikisha ni yeye na nilikuwa na haraka, nikaamuru kompyuta inakili kila kitu.

Sasa kiboksi chenyewe kilikuwa mzee. Kunakili kulienda kwa mwendo wa kinyonga, kompyuta ikasema kazi itaisha kesho yake. Kesho ilikuwa Ijumaa. Shughuli ni Jumamosi. Mtu mwenye akili timamu hapo angefunga kibanda akaenda kula makande, kesho akarudi akakuta kazi imekwisha, akapeleka flashi Ruhuwiko akashangiliwa.

Lakini mimi kuna jukwaa moja kwenye intaneti ambalo nimekuwa nalisoma kwa miaka bila kuandika neno, la watu wa kila nchi wanaochukua viboksi vya namna hiyo vilivyotupwa, wanavitoa mfumo wa kiwandani na kuviwekea Linux, ule mfumo wa bure. Si kazi ya kuchezea. Lazima ukifungue, uunganishe waya nyembamba kwenye pini zilizofichwa ndani, halafu ubadilishe butiloda, ile programu ndogo kabisa inayoamka kwanza umeme ukiingia na kuziamsha nyingine zote. Ukipatia, kifaa kizee kinakuwa kijana. Ukikosea unabaki na tofali. Nilikuwa nawaonea wivu watu wale na picha zao, na sikuwahi kupata kiboksi cha aina yenyewe, na leo kimekuja chenyewe kimefungwa kwenye kanga. Nikajiambia nikikiwekea Linux kitanakili haraka mara tatu, kwa hiyo nitakuwa nimemsaidia mama. (Uongo mtupu. Nilitaka kuweka picha.)

Nikasimamisha kunakili, nikashika bisibisi.

Maelekezo yalikuwa wazi, hata kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Hatua ya kwanza, kabla ya yote, nakili kila kilichomo kwenye chipu ya ndani ya kiboksi, kichipu kidogo inamokaa butiloda, ukihifadhi pembeni. Nikatafuta flashi yenye nafasi, zote zimejaa nyimbo za kuwauzia bodaboda. Nikasema aa, sauti za Mwalimu ziko kwenye diski, na diski sizigusi, humu kwenye chipu kuna kitu gani cha mtu? Nikairuka ile hatua. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo namna hiyo, kama kuvuka barabara bila kutazama kwa sababu jana ulivuka hukugongwa.

Nikafuta chipu. Nikaweka butiloda mpya. Nikazima, nikawasha, na maandishi yakaanza kumiminika kwenye kioo cheusi, mstari juu ya mstari, mpaka Linux ikasimama na kunisalimu. Jamani, nilipiga kelele. Mama Mage, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, akachungulia akauliza, "Kuna nini tena, umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia hii ni zaidi. Nikapiga picha, nikaituma jukwaani nikaandika inatoka Songea, Tanzania, na pongezi zikaanza kuingia kutoka nchi ambazo hata ramani zake sizijui. Nilizisoma zote. Nilikuwa na furaha isiyo na hata chembe ya aibu.

Halafu nikafungua diski, na diski zikaniomba ufunguo.

Nikadhani nimekosea. Nikajaribu tena, zikaniomba ufunguo tena, maneno yaleyale. Taratibu nikaanza kuelewa. Yule padre, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa tahadhari, alizifunga diski zake ili mwizi asisome kitu. Kiboksi kilikuwa kinazifungua chenyewe kila kinapowaka bila kumwuliza mtu, kwa sababu ufunguo ulihifadhiwa ndani yake, kwenye ile chipu, ile niliyosema haina kitu cha mtu. Nimeufuta kwa mkono wangu na juu yake nimeandika butiloda ya kisasa. Diski zilikuwa nzima kabisa, hazina hata mkwaruzo, na Mwalimu yumo ndani, na hakuna mtu duniani anayeweza kumtoa.

Nikaandika jukwaani, palepale chini ya pongezi. Mmoja akauliza, "Ulinakili chipu kabla ya kufuta?" Mwingine, mkongwe wao, akaandika, "Pole sana rafiki, hiyo haifunguki tena."

Mtaniuliza vipi yale yaliyokwisha kunakiliwa kabla sijasimamisha. Nami niliyakimbilia. Ilikuwa video moja tu, kubwa, ya yule padre akizunguka bustani ya parokia akirekodi maua. Upepo unavuma mwanzo hadi mwisho, hakuna mtu anayesema neno.

Ijumaa nilishinda najaribu maneno ya siri. Nilijaribu jina la padre, majina ya watakatifu, jina la parokia, Salamu Maria bila nafasi, Baba Yetu kwa herufi ndogo, na mimi kanisani naonekana kwa nadra lakini siku hiyo nilisali kwa kuchapa. Mchana Mama Winfrida akapita akitoka sokoni, vitunguu kichwani.

"Mtani, imekubali?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa nilifungua. Yeye akawahi, "Bibi ameshapanda gari Nakapanya, binti yake kanipigia. Anasema njia nzima anasimulia abiria anakwenda kumsikia mwanawe."

"Iko jikoni, mama," nikasema. "Kesho mtasikia."

Nimewahi kusema uongo mwingi katika ufundi (kila fundi anasema njoo kesho), lakini huo ndio ninaotembea nao.

Jumamosi baada ya misa watu wakahamia nyumbani. Turubai, viti, kwaya ya Mwalimu wamevaa sare. Mimi ndiye niliyeombwa kufunga spika, nikazifunga, mikono inafanya kazi yenyewe. Nilikusudia kumvuta Mama Winfrida pembeni nimweleze, kila nikimsogelea kazungukwa na mawifi na mashemeji, na kila anayenikuta njiani ananipiga begani kwa salamu ya Kibena, "Kamwene, mtani! Leo umetuandalia kituko gani?" Nikawa nacheka nao. Meno tu.

Bibi Kandida wakamleta kwa kumshika mikono miwili, mdogo, kajifunga kitenge kipya. Wakataka kumkalisha kwenye kochi pamoja na padre, akakataa. Akasema awekwe karibu na sauti itakapotokea. Basi wakaweka kiti ubavuni mwa spika kubwa, akanyoosha mkono akaigusa, akauacha mkono pale juu, akatulia anangoja.

Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Ditramu, ndiye aliyekuwa anaongoza shughuli. "Na sasa," akasema, "mtani wetu atatuletea Mwalimu mwenyewe." Makofi. Nikapewa kipaza sauti.

Nikasema, "Ndugu zangu. Sauti ya Mwalimu haipo. Nimeifuta."

Turubai zima likaangua kicheko.

"Mateka huyo kaanza!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Nimeifuta kweli," nikasema. "Nilikuwa najaribu kukiboresha kile kiboksi. Zote zimepotea."

Wakazidi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Si mnakumbuka mwaka uliopita nilitangaza kwamba nimeachiwa mke? Kwao huyu alikuwa mtu yuleyule, na kipaza sauti kilekile, na kadiri nilivyosema ukweli ndivyo nilivyokuwa mtani bora zaidi. Mzee Ditramu akapaza sauti, "Anataka kuku huyo! Mwaka jana alizuia jeneza, leo kazuia sauti! Mleteeni kuku aitoe!" Na kuku akaletwa jamani, jogoo mwekundu kafungwa miguu, nikabebeshwa kifuani. Nikasimama mbele ya umati na kipaza sauti mkono mmoja na jogoo mkono mwingine, na hapo machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia. Walipoyaona, kuna watu walianguka kwenye viti. "Na machozi kaja nayo! Ee, Wabena hawa!" Mama Winfrida naye alikuwa anacheka, anajifuta macho kwa upindo wa kanga, kicheko kilekile cha ile kandambili. "Haya mtani, kuku umepata, mwachie baba wa watu aseme."

Nikashusha kipaza sauti. Ya kusema nilikuwa nimeshayasema yote.

Ndipo Bibi Kandida akautoa mkono kwenye spika.

"Nyamazeni," akasema. Hakusema kwa nguvu, waliokuwa mbele wakawanyamazisha wa nyuma. "Nyie mnamtazama. Mimi namsikia. Huyo hatanii."

Kicheko kikakatika. Mama Winfrida aliniangalia, tabasamu lingali usoni halijajua pa kwenda. "Mtani?" akasema. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Hakupiga kelele wala hakunitukana. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi na nguo yake ya misa, akaanza kulia kama siku ya mazishi, na wanawake wote wakamwendea, na msiba uliokuwa unamalizwa siku hiyo ukaanza upya. Waliokuwa wanacheka ndio waliokasirika zaidi, kwa sababu niliwafanya wacheke. Nilimsikia mwanakwaya mmoja akisema bila kujificha, "Huyu katuzikia Mwalimu mara ya pili." Padre akajaribu kuanzisha wimbo, haukuitikiwa.

"Fundi," Bibi akaita. "Njoo hapa."

Nikaenda nikapiga magoti, jogoo bado kifuani maana hakuna aliyekuja kumchukua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia, bibi. Alhamisi."

"Alisemaje?"

"Bibi, mimi..."

"Nimekuuliza alisemaje."

Kipaza sauti kilikuwa kingali mkononi na sikukizima, sikukikumbuka hata kidogo. Nikakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili, kama alivyokohoa yeye. Nikasema, "Sauti ya pili, mnanivuta. Tena, kuanzia mwanzo." Ikatoka kwenye spika, uwanja mzima, kwa sauti yake, maana kumwigiza najua, nilimwigiza mwaka mmoja nyuma, watu wakavunjika mbavu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Winfrida aliinua kichwa kutoka kwenye vumbi, akaniona ni mimi, akakiinamisha tena.

"Kumbe alikuwa ameshaanza kukohoa," Bibi akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Halafu akasema nini?"

"Halafu nikazima."

"Mbona ukazima?"

"Nilikuwa na haraka, bibi."

"Ya kwenda wapi?"

Nikainuka. Nilimwacha jogoo kamba yake imefungwa kwenye mguu wa kiti, nikaondoka bila spika zangu.

Kiboksi ninacho. Nilikipeleka Ruhuwiko kupitia kwa Mama Mage, kikarudishwa na kanga haikurudi nacho. Kinafanya kazi, na hilo ndilo linalonikera, Linux yake haijakwama hata siku moja, na ile picha yangu kule jukwaani bado inapata pongezi za watu wasiosoma mpaka chini. Zile diski mbili nimezichomoa nimezifunga kwenye nailoni, sizifuti, sijui nangoja nini. Mtu akinialika kwenye msiba kama mtani naenda nakaa na wapishi. Na anayeniletea kifaa, hata kama ni simu iliyopasuka kioo, nanakili kwanza, nakaa nasikiliza kilichomo mpaka mwisho, hata kiwe mahubiri ya saa zima, na wateja wananisema nimekuwa mvivu.

Mama Winfrida hajasema nami tena. Lakini Bibi Kandida hunipigia, siku yoyote anayojisikia, kwa simu ya binti yake kule Nakapanya. Hanisalimu sana. Anasema, "Haya fundi, sema ile." Nami nafunga mlango wa kibanda nasema. Na kikohozi nakiweka, mara zote mbili, maana siku moja nilikiruka, akaniuliza kimekwenda wapi.